Usikimbie Moshini kwa Ajili ya Mudomo Wangu

Mwanangu Chanda,

Muchana huu mama yako alipita hapa na kikapu cha unga wako wa safari. Hakuketi. Alisimama mulangoni, akaniambia kitu kimoja, akaenda zake. Alisema: "Chanda ameapa akifika kule ataamuka kila asubuhi akimbie, moshi ushuke usishuke, mpaka siku atakaporudi kumushinda Kabwe mbele yako."

Mbele yako. Dada yangu alikazia hapo, unamujua.

Basi nimeketi kuandika, jua likiwa bado juu ya maji upande wa Congo, kwa sababu kesho asubuhi mashua itakuvusha, na mimi kwa mudomo siwezi. Huu mudomo umekwisha kufanya kazi yake, na kazi yake ndiyo imetufikisha hapa. Utasoma Kiswahili changu cha darasa mbili, cha mapadri wa ngambo. Kibemba nakisema tu, kukiandika hawakunifundisha. Pahali nilipokosea herufi, pita kama mutu anavyoruka matope.

Habari ya blanketi, ya kinini, ya kuchunga sanduku kwenye kamio, lile lori la ngambo, mama yako ameisema. Mimi nina neno moja. Nitalizunguka kwanza, kwa sababu lina aibu, na mimi sijazoea kwenda moja kwa moja.

Wewe ni mutoto wa dada yangu, maana yake kwetu wewe ni wangu kuliko wale niliozaa. Baba yako ni mutu wa ngambo, mutu muzuri, alikulisha na kukuvika na kukutia kwenye shule ya Kifaransa. Lakini ukiumwa, ukioa, ukigombana, watu wanauliza: yama yake, mujomba wake, ni nani? Ni mimi. Na mimi nilikubeba jina hilo kama kofia mpya. Nilitembea nalo mpaka Chienge, mpaka kwenye maji ya Mofwe, nikisema: mwipwa wangu ana mbio hizi, kivuli chake kinaachwa nyuma kinalia "Chanda, ningoje!" Nilisema kwamba siku moja ulimufukuza swala mpaka swala akaketi chini na kuomba maji. Watu walicheka, na mimi nilipenda kucheka kwao. Sasa naona kwamba nilikuwa nakula mbio zako kama mutu anayekula sahani ya mwenzake.

Lakini mbio ulikuwa nazo kweli. Hapo sikuongeza. Ulikuwa mudogo bado, tulikuwa tunatoka nyumbani kwangu mpaka pwani, wewe na mimi, kila mara ulipokwenda shuleni ngambo. Nilikuwa nasema "Nani wa mwisho atabeba sanduku!" na tunapita mbio katikati ya chanja za samaki, wanamuke wanatutukana, mbwa wanatufuata. Miaka ya kwanza nilikuachia ushinde. Halafu ukafika mwaka nilioacha kukuachia, na ulishinda tu. Niliwaambia watu kwamba mwiba ulinichoma. Hakukuwa na mwiba, Chanda. Ulinishinda kwa miguu.

Ndiyo maana, ulipokuja vakansi hii, chuo kimefungwa, nilikungoja pwani na maneno tayari. Ulishuka kwenye mashua na miwani, na shati jeupe, na mashavu yameingia. Nikasema: "Nani wa mwisho atabeba sanduku!" Wewe ukacheka kidogo, ukasema: "Leo hapana, Yama. Tutembee." Nikabeba sanduku mwenyewe, na katika moyo nikasema: wamemuharibu.

Jioni ile ulinieleza vizuri. Nakuandikia maneno yako ujue kwamba niliyasikia, maana kosa langu si kutosikia. Ulisema kule kwenye muji wa shaba, asubuhi za baridi, moshi wa lile bomba kubwa la mitambo haupandi. Unashuka, unalala juu ya nyumba kama mutu aliyelewa, na una ladha ya kiberiti kwenye ulimi. Ulisema munganga wa iniversite alikuwekea masikio ya mupira kifuani, akakukataza kukimbia siku za namna ile. Na si wewe peke yako. Mulipoanza mwaka, uwanja wa mupira ulijaa wanafunzi kila alfajiri, mpaka munagombania goli. Baadaye mukawa munaamuka, munatazama dirishani, na kama moshi umeshuka munafunga dirisha na kurudi kwenye karata.

Nikakuuliza: "Na wazungu?"

"Nao wanafunga madirisha, Yama. Moshi hausomi kitambulisho."

Nilicheka hapo. Nikasema: "Alor, hiyo ni iniversite ya kufunga madirisha!"

Wewe hukucheka. Ulisema neno ambalo nimelikumbuka siku hizi zote: "Mbaya si kufunga dirisha. Mbaya ni kwamba siku upepo unapogeuka na hewa iko safi, tunabaki ndani vile vile. Mutu anaacha kucheza kidogo kidogo, halafu anasahau kama alikuwa anacheza. Rafiki yangu mumoja wa Kasai alikuwa golikipa. Sasa akipanda ngazi ya darasa la juu anasimama katikati, anajifanya anafunga kamba za viatu."

Nami nikajibu nini? Nilijibu kwamba mimi nilifanya kazi chini ya bomba lile lile nikiwa kijana, na nilikuwa nakunywa moshi ule kama pombe ya mutama, na musimamizi muzungu alivua kofia akasema hajaona mapafu kama haya. Umesikia hadithi hiyo tangu ulipokuwa unanyonya. Wewe ulitazama chini, ukasema, "Ndiyo, Yama," kwa heshima.

Kazi ile niliifanya, Chanda. Kofia haikuvuliwa. Nilikuwa wa kufagia vumbi kwenye mitambo, na kulikuwa na ngazi ya chuma ya kupanda na ufagio. Mwanzo niliipanda nikiimba. Baadaye nikaacha kuimba. Baadaye nikawa nakaa katikati yake nimeshika chuma, na wenzangu wananipita juu ya mabega. Nilirudi ziwani kwa sababu kifua kilikataa, na ziwa likanipa hewa yake pole pole. Kwa hiyo ulipoeleza habari ya golikipa na kamba za viatu, mimi katika watu wote wa pwani hii nilijua unasema nini. Nilijua, na nilicheka.

Sasa nifike pale.

Siku ile ya wachuuzi kutoka Kasenga, pwani ilijaa, na Mulenga alikuwa ameketi juu ya gunia lake la chumvi. Unajua Mulenga ni wa ukoo wa Mamba, na sisi ni wa Samaki. Ni watani wetu, ana haki ya kusema lolote, hata kwenye kilio, na haki yetu ni kumurudishia. Alikuona unapita na kitabu, ukakohoa. Akapiga kelele:

"Batu ba Samaki! Mutoto wenu amekuja na macho manne na kifua nusu! Huko kwa bazungu wanabakausha?"

Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, nilikuona. Ulimujibu: "Tata Mulenga, Mamba hana hata shingo ya kugeuka kujitazama." Jibu zuri kabisa. Watu wakacheka zaidi, Mulenga akapiga magoti yake kwa furaha, na utani ulikuwa umekwisha hapo. Utani unaisha watu wakicheka. Mutoto wa miaka mitano hapa Nchelenge anajua hilo.

Mimi peke yangu sikujua. Au nilijua, lakini neno "kifua nusu" liliniingia mimi, si wewe. Nilisimama nikasema: "Huyu? Huyu atamushinda kijana yeyote wa Mamba, kutoka hapa mpaka kanisani na kurudi! Sasa hivi!"

Mulenga aliacha kucheka. Akasema taratibu: "Ndugu yangu, nilikuwa natania."

"Unaogopa!"

"Alor, siogopi. Lakini mutoto anakohoa."

Mutani wangu alikuwa ananifungulia mulango, Chanda, na mimi nikaupiga teke. Nikamuita Kabwe, yule kijana wake wa kupakia mitumbwi. Wewe ulikuja karibu yangu, ukaniambia sikioni, watu wasisikie, ukinilinda hata hapo: "Yama, munganga amenikataza. Na leo matanuru yote ya samaki yanawaka."

Nikasema kwa sauti ya watu wote: "Munganga ndiye amekuzaa? Munganga ni wa ukoo wako?"

Ulinitazama. Ukavua miwani, ukaiweka juu ya kitabu, ukanipa vyote viwili nishike. Ungeweza kukataa. Lakini mutoto wa Samaki hawezi kumukatalia yama yake mbele ya Mamba, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya heshima yako hiyo kama mutu anayesimama juu ya kiti ili aonekane murefu.

Na uliongoza! Naandika hili kwa sababu ni kweli na hutaki kulikumbuka. Mpaka kanisani uliongoza, na wakati wa kurudi uliongoza, mpaka kwenye matanuru ya kukaushia samaki, pale moshi wa kuni mbichi unapokata njia. Uliingia ndani ya moshi. Kabwe akatoka. Wewe hukutoka.

Mulenga ndiye aliyekimbia. Mutu munene vile, na gunia la chumvi limemwagika. Alikutoa kwa mikono yake, akakuketisha upande wa maji, alikuwa anapiga kelele: "Utani umekwisha! Umekwisha! Leteni maji!" Na nilisikia kifua chako kutoka nilipokuwa. Kilikuwa kinalia kama mulango usiotiwa mafuta. Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu.

Hapo ndipo ningekuja. Watu wote walinitazama, wakingoja nije. Na mimi, na miwani yako mukononi, nilisema, na nilicheka nikisema: "Ona kazi ya iniversite! Tuliwapa dume, wametuletea mwanamuke wa kufunga madirisha."

Hakuna aliyecheka. Hata mutu mumoja. Wewe ulinyanyua kichwa na kunitazama bila miwani, na ningependa kuamini kwamba bila miwani hukuona uso wangu. Lakini masikio yako hayana shida.

Usiku huo ulihamia kwa mama yako. Miwani nilimupa bibi yangu, mama wa watoto wangu, akuletee, sikuweza kuileta. Siku zilizofuata nilikaa majini na mutumbwi tangu alfajiri, bila nyavu. Kila mutumbwi uliopita niliwaambia natafuta mahali pa samaki wakubwa. Hakuna aliyeuliza nimepata nini, na hilo ni jipya, maana kwa kawaida wananiuliza ili wacheke.

Nilipochoka kujificha nilirudi. Bibi yangu alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuru letu, lile lililokuwa mulangoni mwa jiko, anageuza samaki, na alikuwa anakohoa. Chanda, nimelala karibu na kikohozi kile kwa miaka. Nilikuwa nakiita jogoo wangu, nawaambia watu sihitaji saa. Siku ile nilikisikia, na kilikuwa ni mulango ule ule usiotiwa mafuta. Nikamuuliza: "Tangu lini unakohoa hivi?"

Hakugeuka. Akasema: "Tangu ulipojenga tanuru hapa, ili wageni wakija waone kwanza samaki wako walivyo wengi."

Kisha akasema: "Chanda alikuambia siku ya kwanza ulihamishe. Ulimwambia nini?"

Nilikuambia usinifundishe moshi, mimi niliyekunywa moshi kama pombe.

Basi juzi nililibomoa. Nilifikiri nitabomoa peke yangu, lakini Mulenga alikuja na jembe bila kuitwa. Tukalijenga tena kule chini, karibu na maji, pahali upepo wa ziwa unachukua moshi mbali na nyumba za watu. Alifanya kazi mpaka tulipoweka matofali ya mwisho. Ndipo akasema: "Nimezeeka, lakini leo nimeona Samaki anajijengea jiko lake mwenyewe." Nilicheka mpaka nikaketi chini, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, na Mulenga akatazama pembeni, kama mutani muzuri anavyojua kufanya. Bibi yangu anakohoa bado, lakini jana alilala.

Sasa neno langu lenyewe. Usikimbie moshini kwa ajili ya mudomo wangu.

Najua utakavyofanya, kwa sababu ningefanya vile vile. Utaamuka alfajiri, utaona moshi umelala juu ya uwanja, utasikia sauti yangu inasema "mwanamuke wa kufunga madirisha," na utatoka. Ukiisikia sauti ile, ujue ni ya mutu aliyekaa katikati ya ngazi akishika chuma, akaogopa watu wajue. Si sauti ya ukoo wako. Funga dirisha, mwanangu. Soma.

Lakini siku upepo ukigeuka, toka. Hili nakuomba zaidi ya lile. Usiruhusu moshi ukuweke ndani siku ambazo haupo. Mugongee yule golikipa mulango, mutembee pole pole upande usio na bomba, hata kama mutasimama kila mahali kufunga kamba za viatu. Simameni wote pamoja, musijifanye. Na ile fikira uliyonieleza, ya kuwaomba wakubwa wa chuo wahamishe saa ya michezo kutoka alfajiri kwenda jioni wakati moshi umepanda, ukasema unaogopa watawacheka: waombe. Wakicheka, wewe umezoea, umekulia kwangu.

Kuhusu Kabwe, amenijia mwenyewe. Alisema, "Mimi sikushinda, moshi ulishinda," na akataka nikuambie hivyo. Nimekuambia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua ni rahisi, hainitazami. Kesho nitakuja kwa mama yako mapema, na tutapita katikati ya chanja za samaki na watu wote watakuwepo, na Mulenga juu ya gunia lake. Nimemwambia aseme chochote. Na mimi nitasema mbele yao, kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile, kwamba ulinieleza na nilijua na nilikutuma. Bila swala, bila kofia ya muzungu. Nikianza kuongeza, nipige na kiwiko.

Hatutakimbia. Sanduku lako lina mishikio miwili, nimelitazama. Shika mumoja, mimi nitashika wa pili. Mahali utakapotaka kupumua, simama tu, hata kama ni mbele ya watu wengi, hata mara ngapi. Sanduku litasimama, na mimi nitakuwa nimesimama upande wa pili, sina la kusema, nakungoja.

Yama yako